Kusakinisha si kuanzisha: Makosa yetu sisi waundaji wa istilahi

Mwezi uliopita, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea zawadi ambayo sikuitarajia. Alikuwa ameunda programu ya kuhifadhi msamiati, akaitia katika flashi, na pamoja nayo akaambatisha mwongozo wa kurasa sita kuhusu namna ya kuisakinisha na kuianzisha. Mwongozo wote, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho, aliuandika kwa Kiswahili. "Mwalimu," aliniambia, "wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba hakuna taaluma isiyoweza kuelezwa kwa Kiswahili. Haya, jaribu sasa."

Nilijaribu. Kazi ambayo aliniahidi ingechukua dakika ishirini ilinichukua siku tatu. Makala haya ni tahakiki ya mwongozo huo. Nimemwomba idhini ya kuuhakiki hadharani, naye amekubali kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimwonee huruma. Sharti la pili ndilo litakalonitaabisha, kwa sababu baadhi ya makosa nitakayoyataja hapa si yake. Ni yangu mimi na wenzangu tulioketi katika vikao vya kuunda istilahi kabla yeye hajaingia darasa la kwanza.

Pengine msomaji atauliza profesa wa isimu aliyevuka miaka sitini anatafuta nini katika programu za Python. Jibu ni kadi. Tangu mwishoni mwa miaka ya themanini nimekuwa nikienda Vanga na kisiwani Wasini, katika Kaunti ya Kwale, kukusanya maneno ya Kivumba. Kila neno niliandika kwenye kadi: neno lenyewe, maana yake, sentensi aliyoitoa msemaji, jina la msemaji na tarehe. Zimefika elfu tatu na ushei, nazo zimejaa katika makasha ya viatu. Unyevu umeanza kuzila. Wengi wa wazee walionipa maneno hayo wametangulia mbele ya haki, na kadi ikifutika hakuna wa kumrudia.

Kwa nini basi nisiziweke mtandaoni, kama ninavyoshauriwa na kila kijana anayeingia ofisini mwangu? Kwa sababu ya ahadi. Mzee mmoja wa Wasini, kabla ya kunisimulia habari za ukoo wake, aliniuliza maneno yake yatakwenda wapi. Nikamwambia yatakaa kwangu mpaka watu wake wenyewe waseme vingine. Si ahadi niliyoiweka kwenye fomu yenye sahihi, lakini niliitoa nikiwa nimeketi kwenye mkeka wake. Sasa nitawezaje kuyapeleka maneno hayo kwenye seva ya kampuni nisiyoijua, katika nchi nisiyoijua, chini ya masharti ambayo sikuyasoma kabla ya kubofya "Nakubali"?

Ndiyo maana programu hii ilinivutia. Ni programu ya wavuti, maana yake unaitumia kupitia kivinjari kilekile unachotumia kusomea magazeti. Ila seva yake imo ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Unaweza kuzima Wi-Fi, ukachomoa kila waya, nayo ikaendelea kufanya kazi. Data yote hukaa katika faili moja tu ndani ya mashine hiyo, na faili hiyo unaweza kuinakili kwenye flashi ukaifungia kabatini.

Imeandikwa kwa lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum, Mholanzi, aliitoa kwa umma mwaka 1991. Wengi hudhani jina hilo ni la chatu. Sivyo. Mwenyewe alilichukua kutoka kwa kipindi cha vichekesho cha Uingereza kilichoitwa Monty Python's Flying Circus. Juu ya Python, mwanafunzi wangu ametumia kiunzi kiitwacho Django, na hapa mimi kama mwandishi wa gazetini nilifurahi kidogo. Django haikuzaliwa katika kampuni kubwa ya teknolojia. Ilizaliwa katika gazeti la mji mdogo, Lawrence, jimboni Kansas, Marekani, ambako waundaji programu walihitaji kujenga kurasa upesi kwa kasi ya chumba cha habari. Ilitolewa kwa umma mwaka 2005, na imepewa jina la mpiga gita Django Reinhardt. Tena Django huja na tafsiri ya Kiswahili ndani yake. Ukibadilisha mstari mmoja katika faili ya mipangilio, ukaweka sw mahali palipokuwa na en-us, vitufe vya ukurasa wa usimamizi vinakusemesha Kiswahili. Hivyo kikwazo hakikuwa kwenye programu. Kikwazo kilikuwa katika kurasa sita.

Sentensi ya kwanza ya mwongozo inasema: "Python inapaswa kusakinishwa kabla ya hatua nyingine zozote kutekelezwa." Isakinishwe na nani? Kauli ya kutendwa ina raha yake katika tasnifu, ambako mtafiti hujificha nyuma ya matokeo yake. Katika mwongozo ni hatari. Mimi nilidhani mwanafunzi wangu alikwisha kuisakinisha, ikaja ikiwa ndani ya flashi, kwa hiyo nikaruka hadi ukurasa wa pili. Saa nzima ilipotea hapo. Alichotakiwa kuandika ni: "Kwanza, sakinisha Python." Maneno matatu, mtenda ni wewe, hakuna pa kujificha.

Nilipoisakinisha hatimaye, nikakutana na agizo hili: "Hakikisha njia imeongezwa." Nilitazama dirisha la usakinishaji kwa miwani na bila miwani, sikuona njia yoyote. Kilichokuwepo chini kabisa ni kisanduku kidogo chenye neno PATH. Hilo ndilo alilolifasiri kama njia. Tafsiri si mbaya. Neno hilo huitaja orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu unapoiita kwa jina, na usipotia alama ya vyema kwenye kisanduku hicho, baadaye ukiandika python kompyuta huenda ikakujibu kwamba haimjui mtu huyo. Lakini msomaji wa mwongozo hasomi mwongozo peke yake. Jicho moja liko kwenye karatasi, la pili liko kwenye skrini. Ikiwa skrini inasema PATH, mwongozo sharti uitaje PATH kwa herufi zilezile, kisha ndipo umweleze msomaji kwa Kiswahili ni kitu gani. Kufasiri neno ambalo mtu anatakiwa alitafute kwa macho ni sawa na kumwelekeza mgeni ashuke kwenye kituo cha matatu kwa jina ambalo makanga halijui.

Sasa nifike kwenye kosa lililoniumiza zaidi. Hatua ya tatu: "Unda mazingira pepe." Nilisimama hapo. Neno pepe nalijua, wewe pia unalijua. Tuna barua pepe na tumekwisha kulizoea: kitu pepe ni kitu cha mtandaoni, kinachopeperuka hewani kutoka kwangu hadi kwako. Basi mazingira pepe yatakuwa nini kama si mahali fulani kwenye intaneti? Nikajiuliza kama huyu kijana amesahau ahadi yangu kwa wale wazee. Halafu nikajipa moyo kwamba labda ni kwa muda tu, nikanunua bando la saa moja, nikaandika amri aliyoitoa. Haikutumia hata chembe ya bando hilo. Hatua iliyofuata, ile ya kuleta Django yenyewe kwa amri ya pip, ndiyo iliyohitaji mtandao kwelikweli, kwa sababu pip huzipakua maktaba kutoka kwenye ghala lake la mtandaoni. Nilipoifikia, saa ya bando ilikuwa imekwisha.

Kitu kinachoitwa mazingira pepe hakina uhusiano wowote na intaneti. Ni folda. Unapoandika python -m venv na jina la folda unayoitaka, Python hutengeneza pembe yake ndogo ndani ya kompyuta yako, yenye nafasi yake ya kuwekea maktaba, ili programu hii isigombane na programu nyingine inayohitaji toleo tofauti la maktaba ileile. Ni kama mkulima anayeotesha miche ya sukuma wiki mahali pake na ya nyanya mahali pake, ili ugonjwa wa huku usihamie kule. Mahali hapo wakulima wetu wanapaita kitalu. Nami nimemshauri mwanafunzi wangu aandike: "Tengeneza kitalu cha programu," aite hata folda yenyewe kitalu, kisha aeleze kwa sentensi moja kwamba kitalu hicho kimo ndani ya mashine na hakihitaji mtandao.

Najua atakayecheka. Profesa analaumu istilahi, kisha anatoa istilahi. Nakubali, ni ugonjwa wa kazi. Ila tofauti ipo. Neno pepe tulilipachika kwanza kwenye vitu vya elektroniki, halafu tulipoletewa dhana ya kitu kisichoshikika, tukalitumia tena bila kuuliza kama watu wamekwisha kulipa maana nyingine. Nakumbuka kikao kimoja ambamo mimi mwenyewe nilitetea jambo hilo kwa hoja ya uchumi wa lugha: mzizi mmoja, matumizi mengi. Nilishangiliwa. Hakuna kati yetu aliyewahi kuketi mbele ya skrini akiwa na bando la saa moja.

Hatua ya tano nayo ilikaribia kunifanya nirudishe flashi kwa mwenyewe. "Hamisha data," mwongozo uliagiza, na chini yake amri: python manage.py migrate. Hamisha data! Niipeleke wapi? Nilikuwa nimekwisha kuingiza kadi kumi za majaribio katika faili ya jedwali, nikahofu kwamba nikibonyeza Enter zitaondoka. Kumbe hapa hakuna kinachohama. Amri hiyo huiambia Django ijenge majedwali ndani ya hifadhidata kulingana na ramani aliyoichora mwandishi wa programu: jedwali la maneno, jedwali la wasemaji, jedwali la watumiaji. Wenye Django waliliazima neno la kuhama kwa sababu ramani ikibadilika hifadhidata hutoka umbo moja hadi jingine. Mfasiri aliyeliona neno akalifasiri neno, hakuitazama kazi inayofanywa. Angeandika "Jenga majedwali," mimi nisingepandwa na shinikizo la damu.

Tafsiri ya namna hii tunaiita sisisi, nasi tumewakanya wanafunzi dhidi yake kila muhula. Kinachonishangaza ni kwamba aliyeifanya hapa hakuwa mtu asiyeijua kazi. Yeye ndiye aliyeiunda programu! Anaelewa fika amri hiyo inafanya nini. Nilimuuliza kwa simu, akaniambia bila kusita: "Inatengeneza tu matebo, Prof." Matebo! Kinywa chake kilikuwa na maelezo kamili, tena yaliyo wazi. Mkono ulipoishika kalamu ukaandika "hamisha". Alidhani Kiswahili cha maandishi sharti kilingane na Kiingereza neno kwa neno, ama sivyo si Kiswahili cha kitaalamu. Nani aliyemfundisha hivyo? Darasa langu lilikuwa siku za Jumanne na Alhamisi.

Nikaendelea. Akaunti ya msimamizi niliitengeneza kwa amri ya createsuperuser. Jina la mtumiaji, sawa. Barua pepe, sawa. Nywila: nikabonyeza herufi, hakikuonekana kitu. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Hakuna nyota, hakuna nukta, kishale kimetulia palepale. Nilimwita mjukuu wangu nikamwambia kibodi imekufa. "Babu, haijakufa," alisema, "password huwa haionekani hapo. Andika tu." Ndivyo ilivyo. Dirisha la amri huficha nywila kabisa ili anayechungulia begani asijue hata ina herufi ngapi. Mwongozo haukusema lolote kuhusu hilo. Hapa sina lawama ya istilahi. Neno nywila limekaa vizuri. Lawama yangu ni ya kimya. Mwandishi amelizoea jambo hadi halioni tena.

Halafu tukafika ukurasa wa tano, ambao naukiri ndio ulionichekesha na kunitia haya kwa pamoja. Sentensi yenyewe ni hii: "Fungua kivinjari, andika mwenyeji wa ndani, bandari 8000." Mimi ni mtu mtiifu. Nilifungua kivinjari, nikaandika kwa uangalifu: mwenyeji wa ndani bandari 8000. Kivinjari kikanipeleka kwenye mtambo wa kutafuta, nami nikaletewa orodha ya nyumba za wageni.

Alichokuwa amekifasiri ni neno localhost, ambalo mashine hulitambua kwa tahajia hiyo na si nyingine. Humaanisha kompyuta hii hii unayoitumia. Nambari yake ni 127.0.0.1, na ukiiandika hiyo pia utafika. Anwani hiyo haitoki nje ya mashine. Ujumbe hugeuka ndani na kurudi ulikotoka. Kwa mtu aliye na ahadi kama yangu, hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika jambo hili, na ndiyo iliyostahili kuelezwa kwa Kiswahili kizuri. Badala yake maelezo hayakuwepo, na kilichofasiriwa ni kile ambacho hakikupaswa kuguswa. Anwani ni kama nambari ya simu. Huwezi kuitohoa.

Na bandari je? Hili ni kosa la kitaaluma, nalo linafundisha. Kiingereza kina maneno mawili yanayofanana kwa umbo. Moja limetokana na Kilatini portus, yaani bandari ya meli. La pili limetokana na porta, yaani mlango. La kompyuta ni la pili. Kompyuta moja ina milango mingi, imepewa nambari kutoka 0 hadi 65535, na kila programu inayotaka kuongea na nyingine husubiri kwenye mlango wake. Django, usipoiambia vingine, husubiri kwenye mlango wa 8000. Anayeandika "bandari" anamfanya msomaji afikirie Kilindini, makontena na kodi. Anayeandika "mlango" hahitaji kueleza zaidi. Kila mtu anajua kwamba mlango hubishwa, hufunguliwa, na huweza kuwa na mtu mwingine tayari amesimama hapo. Hilo la mwisho hutokea pia: ukijaribu kuanzisha programu ya pili kwenye mlango uleule, utaambiwa una mwenyewe, nawe utachagua mwingine, tuseme 8001.

Siku ya pili jioni programu ilifunguka. Ukurasa ukaja, mweupe, na juu kushoto neno "Sebule" mahali ambapo tovuti nyingi huandika "Mwanzo". Nililikunjia uso, nikaweka alama ya wino mwekundu. Nikaingiza kadi ishirini na mbili, nikazima kompyuta, nikalala nikiwa mshindi.

Asubuhi haikufunguka.

Nilifuata mwongozo tangu mwanzo. Nikaanza kusakinisha Python upya, ikaniambia imo. Nikaenda moja kwa moja kwenye amri ya mwisho, python manage.py runserver, skrini ikajaa mistari ya Kiingereza kama mtu aliyemwagiwa maji akaanza kutukana. Nikampigia simu mwenye programu.

"Imekataa," nilimwambia.

"Imekataa vipi, Prof?"

"Imekataa tu. Imeandika mambo mengi."

"Usisome yote. Soma laini ya mwisho."

Hilo ni somo la kwanza la Python, na halikuwa kwenye mwongozo: taarifa ya hitilafu husomwa kutoka chini, kwa sababu sababu yenyewe huwekwa mwishoni. Mstari wa mwisho ulisema Django haikupatikana, kisha ukauliza kama pengine nimesahau kuamilisha mazingira pepe. Nilikaa kimya kidogo. Mashine, kwa Kiingereza chake, ilikuwa imeniuliza swali ambalo mwongozo wetu wa Kiswahili haukuniandaa kuulizwa.

Kumbe kitalu hutengenezwa mara moja, lakini kila unapofungua dirisha jipya la amri sharti ukiingie upya. Kwa Windows unaandika kitalu\Scripts\activate, na ukifaulu jina la folda hutokea ndani ya mabano mwanzoni mwa mstari. Usipoliona jina hilo, hujaingia. Python iliyo nje ya kitalu haina habari na Django iliyopandwa ndani.

Hapa ndipo kichwa cha makala haya kilipotoka. Mwongozo una hatua kumi na moja, zote zimepangwa kwenye foleni moja: fungua, andika, bonyeza, unda, hamisha, anzisha. Baadhi ni za mara moja tu katika maisha ya kompyuta hiyo. Nyingine ni za kila siku. Hakuna popote palipowatenga kondoo na mbuzi. Kusakinisha kumetoka kwa sakini, kukaa mahali. Ni kumhamishia mtu nyumbani pamoja na kitanda na sufuria zake. Kuanzisha ni kufungua mlango asubuhi. Mtu hahami kila siku, na asiyeambiwa tofauti hiyo atakuwa anabeba kitanda kila alfajiri.

Kinachoudhi ni kwamba Kiswahili kimejaliwa viungo vya kuitaja tofauti hii kuliko lugha nyingi. Tuna hu- ya mazoea: "kila siku huanza hapa." Tuna -kisha-: "ukishasakinisha, usirudie tena hatua hizi." Tuna -po-: "kila ufunguapo dirisha jipya, ingia kitaluni kwanza." Mwanafunzi wangu hakutumia hata kimoja. Vitenzi vyake vyote ni amri za silabi mbili tatu zilizonyooka kama askari gwarideni. Nilimwambia hivyo, akajibu kwamba miongozo yote ya Kiingereza aliyoisoma imeandikwa kwa amri fupi. Basi hapo tena.

Sitaki aonekane hakufanya kazi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili, na sisi huku Kenya tulipiga makofi, tukaandika makala, kisha wengi wetu tukaendelea kutumia zile za Kiingereza. Waliothubutu kuandika miongozo kwa Kiswahili tangu hapo ni wachache, na wengi wao ni vijana wasiolipwa. Huyu ameandika. Neno lake "pakua" halina dosari. Kila aliyewahi kuinua kifuniko cha sufuria analielewa. Aya yake kuhusu kunakili faili ya hifadhidata kila Ijumaa ni nzuri kuliko ninazozisoma katika vitabu vya kiada: fupi, ina mtenda, ina sababu. Na ndiye pekee aliyezielewa kadi zangu kiasi cha kuweka safu ya "aliyesema" karibu na neno lenyewe, si mwishoni kama tanbihi.

Kuna sehemu moja ambayo niliifuta kabisa bila kumshauri. Ukurasa wa mwisho unaeleza kwamba ukiandika runserver 0.0.0.0:8000, ukairuhusu na anwani ya mashine yako katika mipangilio, wenzako walio kwenye Wi-Fi hiyohiyo wanaweza kuiona programu kutoka kwenye kompyuta zao. Ni kweli, na kwa timu ya watafiti ina manufaa. Lakini ameiita "njia mbadala ya kuanzisha", kana kwamba ni chai na kahawa. Anayeifuata akiwa kwenye mtandao wa hoteli atakuwa ameufungua mlango kwa wageni wote wa hoteli, ilhali wenye Django wenyewe wanaonya kwamba seva hiyo ni ya kufanyia majaribio, haikujengwa kuhimili watu wa nje. Neno mbadala lilihitaji kusindikizwa na neno tahadhari. Katika nakala yangu, sehemu hiyo haipo.

Nimemrudishia kurasa zake sita zikiwa zimekuwa nne. Ya kwanza inaitwa "Mara moja tu". Ya pili, yenye mistari minne, inaitwa "Kila siku": fungua dirisha la amri ndani ya folda ya programu, ingia kitaluni, andika python manage.py runserver; fungua kivinjari uandike localhost:8000 kama ilivyo. Ukimaliza kazi, rudi kwenye dirisha la amri ubonyeze Ctrl na C kwa pamoja. Ya tatu ni "Ikikataa", nayo inaanza kwa kusema soma mstari wa mwisho. Nililipigania neno hilo, ikikataa. Yeye alitaka "Utatuzi wa hitilafu". Nikamuuliza: wewe uliponipokea simu, nilisema nini?

Wiki mbili zilizopita niliichukua kompyuta hadi Wasini. Mtandao wa simu pale ulikuwa wa kubahatisha siku hiyo, nayo programu haikujali. Niliketi na binti wa yule mzee wa ahadi, sasa naye ni mama mtu mzima, nikamwonyesha kadi za babake, jina lake likiwa kando ya kila neno. Aliushika mshale mwenyewe. Akabonyeza "Sebule", ukurasa ukarudi mwanzo, akacheka: "Loo, nimeingia sebuleni na sijavua viatu." Wino wangu mwekundu niliufuta usiku huo.

Kisha akanirudisha kwenye kadi ya neno moja la uvuvi, akaisoma mara mbili, akaniambia sikumwelewa babake. Yule alikuwa akizungumzia wavu ukiwa mkavu, si ukiwa majini. Akaniuliza kama inawezekana kurekebisha. Tukabofya "Hariri", akaitamka maana polepole nami nikaandika, na kwenye safu ya aliyesema tukaongeza jina la pili.